Kisahani cha Shaba Kilichosikiliza Duara

Ninyi mnaokuja pale kibandani Kambarage na kusema, "Shikamoo Mama Kulwa, tufundishe kutengeneza maiki," nawaitikia marahaba kwa moyo mmoja, lakini naomba mjue mmekuja kwa nani. Mmekuja kwa mtu aliyefanya kazi ya sauti mpaka akastaafu, na sauti yenyewe hajaielewa. Sijishushi. Kutengeneza naweza. Nipe simu iliyokufa, betri ya redio na kopo tupu la maziwa, nitakutengenezea maiki itakayosikia sisimizi akibeba sukari. Ila ukiniuliza kwa nini imesikia hiki na ikaacha kile, hapo nitakohoa, nitakuuliza kama umekunywa chai. Kibanda nimeshamwachia binti yangu Kulwa, yeye ana majibu yote kwenye simu. Mimi ninayo maswali, na leo nitawapa hayo.

Aliyeniingiza kwenye kazi hii ni marehemu Mzee Ng'wandu, fundi redio wa Maganzo. Kibanda chake kilikuwa kando ya barabara, katikati ya wachoma mahindi na wale wanaume wanaosimama tu kutwa nzima wakiviziana nani ana jiwe la almasi mfukoni. Nilikwenda kutengenezewa redio ya mama yangu, nikaona anavyolehemu, nikasahau kuondoka. Siku yangu ya kwanza ya kazi alinipa spika kuukuu iliyochanika pembeni, akaniambia niseme ndani yake.

"Niseme ndani ya spika?"

"Sema."

Nikainamia ile spika nikasema, "Mwangaluka," kama ninavyowasalimia watu wa nyumbani asubuhi. Spika nyingine iliyokuwa juu ya kabati ikasema "Mwangaluka" kwa sauti yangu mimi, ila nzito, kama nina mafua. Nilirudi nyuma nikamwaga chai yake yote.

"Mzee, kinachosema kinasikiaje?"

"Wewe umepewa mdomo na masikio mbalimbali," akasema akifuta meza. "Chenyewe hakikupewa. Ng'wanawane, mwanangu, usiulize sana. Lehemu."

Huo ndio ufundishaji wake. Ukimuuliza swali kwa Kiswahili anaanza kukujibu, akifika pagumu anahamia Kisukuma, na pakizidi kuwa pagumu anaimba. Nilimpenda sana mzee yule, na nusu ya aliyonifundisha sijui kama niliyaelewa au niliyazoea tu. Kwamba spika na maiki ni ndugu mmoja aliyegeuzwa, nimeshika hivyo hivyo. Spika ndogo ya redio ukiiunga kinyume inakuwa maiki nzuri tu, tena haitaki betri. Jaribuni, mtashtuka kama nilivyoshtuka, na chai iwekeni mbali.

Sasa, kile kidonge kidogo cha maiki kilichomo ndani ya simu hakiko hivyo. Chenyewe kinataka kulishwa umeme kidogo, la sivyo kiko kama jiwe. Kigeuze mgongo, utaona madoa mawili ya risasi. Doa moja lina vijistari vyembamba vinavyokwenda hadi kwenye ganda la nje: hilo ndilo la hasi. Lingine ndilo la sauti, na hapo ndipo unapopitishia umeme kupitia rizista, kisha unaweka kapasita ili sauti ipite kwenda kwenye amplifaya na umeme wa betri ubaki nyumbani. Na mkono wako uwe mwepesi. Chuma cha kulehemia kiguse kiondoke, kama unavyogusa sufuria ya moto kuipima. Ukikaa hapo ukijivuna unanyoosha risasi ipendeze, umeshakichoma. Hakitoi moshi wala hakilalamiki. Kinakufa kimya na wewe unabaki unatafuta kosa kwenye waya mpaka jioni.

Kuna kanisa moja hapa mjini waliniagiza maiki za kwaya. Nikazitengeneza vizuri, nikaziweka kwenye vibomba vya plastiki, kila moja na sponji yake juu. Waya sasa ukawa mrefu, na mimi nikatumia ule waya mwembamba wa kengele ya mlango kwa sababu ndio uliokuwepo. Jumapili ikafika. Kwaya ikaimba vizuri sana, nami nimekaa nyuma nimevaa kitenge kipya, nimejaa sifa. Mchungaji akasimama akasema, "Sasa ndugu zangu tunyamaze, tusikie Bwana anatuambia nini." Watu wakanyamaza. Na katika kile kimya spika zikatangaza mnada wa ng'ombe.

Wazi kabisa, na mahali ulipo, na siku. Bibi mmoja wa mbele akasema, "Amina."

Niliona aibu ya kufa, lakini zaidi ya aibu nilichanganyikiwa. Hapakuwa na redio mle ndani. Maiki si redio. Mzee Ng'wandu nilipomweleza alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akasema kwamba waya mrefu usiovishwa ni antena, na kiungo kilicholehemiwa ovyo kinaweza kuyatafuna mawimbi ya redio yakatoka sauti. Nikavua waya wote nikaweka ule wenye wavu wa shaba unaozunguka waya wa ndani, wavu nikauunga kwenye hasi, viungo nikavirudia kimoja kimoja. Mnada ukakoma. Lakini mpaka leo nauliza: ule waya wa kengele ulijuaje? Msinijibu. Kulwa ameshajaribu kunichorea.

Nawaambia hili ili mshike jambo moja: kifaa chako kitasikia kitu ambacho hukukusudia, na kitakuambia kwa uhakika mkubwa sana.

La pili ni kifaa kujisikia chenyewe. Mzee Masele, mfugaji wa huku nje ya mji, alikuja akitaka king'ora cha zizi. Ng'ombe wakishtuka, mtu akikohoa au komeo likifunguliwa, king'ora kilie. Nikamtengenezea: maiki, transista za kukuza sauti, na swichi inayowaka sauti ikipita kiasi fulani. Tulikwenda kukijaribu mchana, majirani wamekaa kivulini wanatazama. Mzee Masele akapiga kofi. King'ora kikalia. Watu wakashangilia. Kikaendelea kulia. Tukangoja kinyamaze, wapi. Ng'ombe wakavunja zizi wakatawanyika kwenye mihogo ya watu, mbwa wanabweka, mzee ananipigia kelele ambazo sizisikii, na kile kitu kinalia tu. Kumbe kikilia kinajisikia, na kikijisikia kinaona kuna sauti, basi kinalia. Mzee Masele alikichukua akakizamisha kwenye birika la kunyweshea mifugo. Kikanyamaza.

Dawa yake ni rahisi ukishaijua: kifunge masikio wakati kinasema. Kapasita moja na rizista ya kukichelewesha, kisisikilize tena mpaka kimemaliza kulia. Mzee Masele hakutaka kusikia habari za kapasita. Alinunua mbwa mwingine.

Haya. Sasa kile kisahani cha shaba ambacho ndicho mnachokiulizia kila siku, kwa sababu mmesikia habari za duara la machimboni.

Kisahani hiki mnakijua. Kimo ndani ya saa za mezani zenye mlio, na ndani ya midoli ya watoto inayopiga kelele. Ni shaba nyembamba, na katikati kimepakwa kitu cheupe kama chokaa ngumu. Ukikipa umeme kinalia. Ukikigongagonga chenyewe kinatoa umeme. Ndugu mwingine aliyegeuzwa. Hiki hakisikii hewa vizuri, kinasikia vitu vigumu: meza, mti, chuma, mwamba. Kibandike mezani, mtu akikuna kwa kucha upande wa pili, utamsikia kama anakukuna wewe. Lakini kinataka mambo matatu na hakisamehe. Kwanza, gundi ngumu inayokauka kama jiwe, pasiwepo hata upepo kidogo kati yake na kitu kinachosikilizwa. Pili, kikutane na transista inayokubali kubembelezwa, yenye rizista kubwa kabisa mlangoni, maana nguvu zake ni ndogo. Ukikiunga moja kwa moja kwenye amplifaya ya muziki utapata sauti ya bati tupu. Tatu, kivalishwe kopo, na kopo liungwe kwenye hasi, la sivyo jenereta lililo jirani litaungurumia humo mpaka ukate tamaa.

Nilikuwa navitengeneza kwa ajili ya mabomba ya maji, kujua yanapovujia chini ya ardhi. Mafundi wa bomba walinicheka, kisha wakaagiza. Nilikuwa nabandika kisahani kwenye kipande cha nondo, nondo unaikita ardhini, unavaa spika za masikioni, unasikia maji yanavyofoka. Na mdogo wangu Kabula aliwahi kukiona nyumbani kwangu akakichezea siku nzima, akisikiliza kuku wakitembea.

Kabula ni mama lishe. Wakati huo alikuwa anapika kwenye machimbo madogo ya dhahabu huko mbele ya Ushirombo, mahali ambapo jana palikuwa pori na leo pana maturubai, karasha za kusaga mawe na vumbi. Mume wake, Shija, alikuwa mchimbaji kwenye moja ya maduara ya pale. Alfajiri moja, kabla ya mwanga, simu yangu iliita, nikasikia Kabula anapumua tu.

"Dada, duara limekaa, limeporomoka. Shija yuko ndani. Tangu jana asubuhi. Njoo na ile nondo yako."

Sikumuuliza kitu. Nilichukua nondo zangu mbili, waya, betri, nikapanda gari mpaka Ushirombo, na kutoka hapo bodaboda. Njia nzima nilikuwa najiuliza kitu cha kijinga kabisa: je, mwamba una masikio kama bomba?

Pale nilimkuta Sadiki, msimamizi wa duara, kijana wa Kigoma, macho mekundu kwa vumbi na kukosa usingizi. Akanishika mikono miwili. "Shikamoo mama. Karibu. Hatujui tufukue wapi."

Akanieleza, nami nawaeleza ninyi kama alivyonieleza. Duara ni shimo la kwenda chini wima. Chini kabisa lilikuwa na njia mbili za pembeni zinazofuata mwamba wenye dhahabu: moja inaelekea upande wa kilima, nyingine inaelekea upande wa duara la majirani. Shija alikuwa chini na wenzake, wenzake walikuwa wamepanda juu kunywa maji, yeye akasema anamalizia. Hakuna aliyemwona ameingia njia ipi. Ardhi ilipokaa, midomo ya njia zote mbili ikazibwa na kifusi. Na kule chini ni pembamba, anafukua mtu mmoja mmoja, na mbao za kuegemezea zilikuwa za njia moja tu. Ukichagua vibaya, ukija kugeuka umechelewa. Kabula alikuwa amekaa kwenye kiroba cha mawe, mikono magotini, amesikia yote. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia.

Sadiki mwenyewe alishuka kwa kamba akakita nondo moja kwenye ukuta wa upande wa kilima na nyingine upande wa majirani. Waya zikapanda juu. Nikaunga, nikavaa spika za masikioni, nikafungua upande wa kilima. Mngurumo mtupu wa karasha, na maji yanadondoka mahali. Nikahamia upande wa majirani.

Ko. Ko. Ko.

Nilipiga kelele. Nikamwambia Sadiki, aliyekuwa bado kule chini, agonge mara tatu. Akagonga. Tukangoja. Ko, ko, ko, ikarudi. Akagonga tena, ikarudi tena! Wanaume wazima walikumbatiana. Mmoja akatupa kofia juu. Kabula alisimama akashika kichwa, akakaa tena. Wakaanza kufukua upande wa majirani, wanapokezana, wanaimba, na kila wakipumzika wanagonga na kujibiwa. Mimi nimekaa na masikio yangu najiona mtu mkubwa kuliko wote duniani.

Hivyo ikaenda mpaka jua likapanda utosini. Kabula akaja akanigusa bega. "Dada, nipe nimsikie."

Nikamvika. Chini wakagonga, akasikiliza jibu. Wakagonga tena. Uso wake nilitegemea ufurahi. Ukakunjamana, kama anavyofanya akionja mchuzi wa mtu mwingine.

"Dada, huyu siyo Shija."

"Kabula, usiseme hivyo."

"Huyu ameshiba."

"Nini?"

"Huyu anayegonga ameshiba. Sikiliza. Shija jana alishuka hajala, aliniambia nimwekee. Hajala tangu juzi usiku, hana maji, yuko kwenye vumbi. Anagongaje hivi, sawasawa, kila akiulizwa anajibu palepale? Mimi nawalisha hawa watu, nawajua wenye njaa. Huyu amekula ugali, tena na maharage."

Nilitaka kucheka. Nikavaa tena nikasikiliza. Kweli. Mkono wenye nguvu, hauchoki, hausiti. Sikuelewa. Kama siyo Shija, ni nani aliyeko ndani ya mwamba anayejibu?

Nikamwambia Sadiki aende duara la majirani akaulize kama kuna mtu chini. Hatua si nyingi, ni hapo ng'ambo ya vifusi. Tukamsikia kutoka huko akipaza sauti, kisha akarudi na mzee mmoja mchimbaji aliyejaa udongo hadi kwenye kope. Yule mzee alikuwa anatabasamu.

"Mama, yuko hai!" akaniambia. "Sisi tumeshuka kwetu tangu alfajiri, vijana wanapokezana, tunamgongea tumpe moyo. Na anajibu! Kila tukigonga anajibu."

Yule mzee akatutazama mmoja mmoja, na tabasamu lake nikaliona linavyoondoka.

Mnaelewa kilichokuwa kimetokea? Kule machimboni duara likikaa, jirani haachi kushuka kwake na kugonga ukuta. Ni utu. Anamwambia aliyefukiwa, hauko peke yako. Hakuna anayeomba ruhusa ya kufanya hivyo, kama ambavyo huombi ruhusa ya kwenda msibani. Basi wao wakagonga kumgongea Shija, sisi tukasikia tukadhani ni Shija tukajibu, wao wakasikia tukijibu wakadhani ni Shija wakajibu. Asubuhi nzima tulikuwa tunasalimiana sisi kwa sisi kupitia mwamba, watu walioshiba pande zote mbili, tumefurahi, tunafukuliana.

Na Shija yuko wapi, hakuna ajuaye. Kilichoniumiza zaidi ni kwamba kifaa changu hakikukosea hata kidogo. Kilisikia vizuri mno. Mimi ndiye sikujua ninachokisikia.

"Sadiki," nikasema, "watoe watu wote chini. Maduara yote. Zima karasha, zima majenereta, zima redio. Asigonge mtu. Asitembee mtu."

"Mama, wafukuaji wasimame? Muda unakwenda."

"Tunafukua kuelekea kwa watu wanaokula ugali! Wasimame."

Alikwenda akikimbia. Kuna walionuna, karasha ni riziki ya mtu, lakini zilizimwa moja baada ya nyingine mpaka ile ya mwisho. Sijawahi kusikia machimbo yakinyamaza namna ile. Mtu mwenye kikohozi alijifunika blanketi. Mama mmoja alimnyonyesha mtoto asije akalia.

Nikafungua upande wa majirani. Hakuna. Nikafungua upande wa kilima. Maji yanadondoka. Udongo unachuruzika kidogo kidogo. Kitu kama pumzi, nikajishikilia, kumbe ni yangu mwenyewe, waya ulikuwa unanigusa shavu. Nikahama, nikarudi. Nilianza kusikia kila kitu: watu wanaongea, ng'ombe, jina langu. Akili ikikosa cha kusikia inajitengenezea, wanangu, na hapo hakuna kapasita itakayokusaidia. Nilimwangalia Kabula nikitaka kumwambia hakuna kitu, nikarudi kwenye waya.

Halafu, upande wa kilima, kitu kikakwaruza.

Kikakwaruza tena. Kisha kikagonga, mara moja, hovyo. Kisha zikaja nyingi kwa mpigo, hazina mpango, hazina mara tatu wala nini, kama mtu anayepiga mlango wa nyumba ya mtu aliyemdhulumu. Nikavua nikamvika Kabula.

Akasikiliza. Machozi yakaanza kumtoka.

"Huyo," akasema. "Huyo ana njaa na amekasirika. Huyo ni wangu."

Walihamisha mbao wakafukua upande wa kilima. Sitawaeleza kufukua, waulizeni waliofukua. Jua lilikuwa bado halijazama Shija alipotoka na kamba kwapani, mweupe kwa vumbi kama mtu aliyetoka kusaga unga, midomo imepasuka, mkono mmoja umevimba. Majirani walikuwa wa kwanza kumbeba. Kabula alimpa maji kwa kijiko kidogo kidogo, huku akimgombeza kwa nini hakula kabla ya kushuka.

Watu wa pale walinifanyia sherehe, wengine wakasema ile nondo ni dawa. Siyo dawa. Ni kisahani cha saa. Na ninyi mkitaka kuitengeneza, nimeshawapa gundi, transista na kopo. Lakini kuna kitu kimebaki ambacho hakipo kwenye mchoro wowote, nami nakiongeza kwa kila anayenijia.

Shija alipopona kidogo alikuja Kambarage kunishukuru. Alikaa kwenye kile kiti cha wateja, akashika kikombe muda mrefu bila kunywa.

"Shemeji, wabeja sana," akasema.

"Asante ni ya Kabula. Mimi nilikuwa nasikiliza walioshiba."

Hakucheka. "Nilikuwa nawasikia," akasema. "Tangu mwanzo. Mnagonga kulia, mnagonga kushoto, kila mahali. Nikasema, ee, hawa wanajua nilipo. Nikajilaza nitunze hewa. Sikuhangaika kugonga. Nilikuwa nimetulia kabisa, shemeji, nilisinzia hata."

"Kumbe."

"Halafu mkanyamaza."

Nikaweka chini kitu nilichokuwa nimeshika.

"Mkanyamaza wote. Kulia, kushoto, juu, karasha, kila kitu. Nikajua wameona haiwezekani. Wameondoka. Hapo ndipo nilipochukua jiwe. Sikuwa naita mtu. Nilikuwa napiga tu."

"Shija, tulinyamaza ili tukusikie."

"Najua. Kabula ameniambia."

Akanywa chai yake hatimaye, imeshapoa.

"Ila mngeniambia," akasema.

Ningemwambiaje? Ndiyo swali langu, na nimelizungusha kichwani mpaka limenichosha. Tusingenyamaza tusingempata. Tuliponyamaza tulimwua moyo, na ni kule kufa moyo ndiko kulikomwokoa. Nifurahi au nimwombe radhi? Sijui. Nilichofanya ni kwenda na Sadiki kuzungumza na wachimbaji wa pale, tukakubaliana nao kabla mtu hajashuka: ukifukiwa ukasikia tumepiga kwa haraka haraka mfululizo kisha tumenyamaza, hatujaondoka, tumetega masikio, ni zamu yako. Basi mkitengeneza kifaa cha kusikiliza mtu, mwambieni kwanza kimya chenu kina maana gani. Hilo ni muhimu kuliko transista.

Mwezi uliopita nilikwenda kuwatembelea. Shija hachimbi tena, analima. Tulikaa mkekani tunakula ugali na dagaa, tunapiga soga za majirani, na kama inavyotokea watu wakila, maneno yakaisha. Shija akaacha kutafuna. Akainua kidole akagonga sinia, ko, ko. Binti yao mdogo akamgongea naye, ko, ko, hata hakuinua macho kwenye tonge lake, na baba yake akaendelea kula.